Mbao Nne za Katikati

Kanyamibwa hugonga mlango wa mtu mara mbili. Mara ya kwanza anasikiliza mbao. Mara ya pili ndipo anapiga hodi.

Majirani wake wa Nyagatobe wamemzoea. Ni kijiji cha wakulima wa maharagwe na muhogo katika vilima vya Masisi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kirolirwe, na milango yake karibu yote ni ya mkaratusi uliopasuliwa haraka ukiwa bado mbichi. "Papa Aurélie, mulango yangu inasema nini leo?" humtania, kwa jina la binti yake wa kwanza. Naye hujibu bila kucheka: "Inasema iko karatusi, na itakufa mbele yako."

Ana miaka hamsini na minne. Kumi na miwili kati ya hiyo aliimaliza katika msitu wa Walikale. Vijana wenzake waliotoka Masisi wakati ule walipitiliza hadi Bisie kuchimba madini ya kasiterite. Yeye alifika Mubi, akaona malori yakipakia mbao kando ya barabara, akabaki hapo hapo. Hakupenda mashimo. Alishika upande mmoja wa msumeno mrefu, mtu mwingine akashika wa pili, na kwa namna hiyo akajifunza miti mmoja baada ya mwingine: upi unapokea msumari, upi unapasuka, upi unaficha mawe. Mvule ndio unaoficha mawe. Ndani ya shina lake hukaa vipande vigumu kama kokoto, na msumeno ukigonga hapo meno yanakatika. Wapasuaji huutukana mvule mchana kutwa, lakini siku ya kurudi kwao kila mmoja anataka kuondoka na mbao zake, kwa sababu wadudu hawauli na mvua haiuwezi.

Kanyamibwa aliporudi kulima, alirudi na mbao nne za mvule, unene wa vidole vinne, urefu wa mita nne kila moja. Kutoka Mubi alizisafirisha juu ya lori, yeye mwenyewe amezilalia. Zilikuwa za milango ya nyumba ya matofali aliyokusudia kujenga mwaka ule ule. Mwaka ukapita, na mingine tisa ikafuata. Mara tatu familia ilikimbia vita, na mara zote tatu alizifukia mbao shambani kabla hajafunga magodoro. Mkewe, Nyiransengimana, akiulizwa amezaa watoto wangapi, hujibu: watano, na mbao nne.

Kati ya Nyagatobe na barabara inayokwenda sokoni na kwenye kituo cha afya unapita mto Kabingo. Si mpana, mita nane au tisa hivi, lakini umechimba kina kirefu na mvua ikinyesha juu ya malisho ya ng'ombe unashuka kwa hasira. Miaka mingi watu walivuka juu ya magogo waliyoyalaza wenyewe. Murekatete, mchuuzi wa maharagwe anayeongoza wimbo kanisani, alitumbukia kati ya magogo hayo akiwa na gunia mgongoni. Alitolewa mzima, ila mguu wa kushoto ulijiunga vibaya, na hadi leo anatembea kama mtu anayetaka kugeuka nyuma.

Kwa hiyo siku zilipokuja habari kwamba mradi wa serikali utajenga daraja la kupitisha magari, hakuna aliyebaki shambani. Kijiji kilichagua kamati ya kufuatilia kazi, watu watano, na Kanyamibwa akawa wa kwanza kutajwa. Hakuwa na maneno mengi, shule aliiacha darasa la sita, lakini anajua mbao.

Kamati iliitwa kushuhudia ufunguzi wa zabuni katika ukumbi wa parokia. Kanyamibwa huisimulia siku ile mpaka leo, na huisimulia vizuri. Sanduku lilikuwa na kufuli na liliwekwa mezani mbele ya watu wote. Bahasha tatu zilitolewa, zikaonyeshwa kwamba gundi haijaguswa, zikakatwa, bei zikasomwa kwa sauti, na kila mjumbe akatia saini kila ukurasa. Bahasha ya nne ilifika dakika ishirini baada ya saa iliyotangazwa, imeletwa na shemeji wa chifu Jean-Bosco akihema. Ilirudishwa bila kufunguliwa. Chifu aliangalia dari, shemeji akaangalia chifu, na bahasha ikarudi mfukoni.

Kisha karani wa mradi akasoma masharti ya kazi: boriti tano za mvule, sakafu ya mbao za mvule, unene sentimita nane. Kanyamibwa aliomba kipande hicho kisomwe tena. Kikasomwa tena. Siku ile alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetoka kumbatiza mtoto wake.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kampuni iliyoshinda, ya mfanyabiashara mmoja anayeitwa Esdras, ilikuwa imetaja bei ya chini kuliko zote, na Kanyamibwa alijua mvule wa boriti unaomba gharama gani kabla haujafika Masisi. Aliinua mkono, akauliza kama kwa bei hiyo mti utatoka Walikale kwa gari au kwa maombi. Watu walicheka. Karani hakucheka. "Papa, mambo ya bei iko ya commission. Yenu ni kuangalia kama kazi inafanyika sawa na karatasi." Wakampa nakala ya masharti na kaye, daftari la shule la kurasa mia, aandike kila atakachokiona.

Boriti zilifika Jumapili, watu wakiwa kanisani. Zilikuwa nyeusi tititi. Kanyamibwa aliwakuta wafanyakazi wanazishusha, akaenda kwenye ya kwanza, akainama, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Papa, unapiga hodi kwa daraja?" mmoja akamuuliza. "Hakuna mutu ndani!"

Aligonga ya pili, na ya tatu, hadi ya tano. Esdras alikuja akikwepa matope. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye buti safi.

"Hii haiko muvula," Kanyamibwa alisema.

"Papa, ona rangi."

"Rangi niko naona. Rangi iko ya moteri. Nusa." Alipitisha kidole juu ya boriti, akamwonyesha mafuta machafu ya injini. "Iko karatusi yenye banavalisha koti."

Wafanyakazi walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Esdras naye alitabasamu. "Papa Kanyamibwa, weye ni mukubwa wangu. Mimi siwezi gombana na weye. Andika kwa kaye. Siku ya réception, kazi ikikabidhiwa, benye kujua wataona."

Aliandika. Kila siku ya kazi ina mstari wake katika kaye ile, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Boriti tano, mkaratusi mbichi. Mbao za sakafu, mkaratusi, unene sentimita tano si nane. Nimepima na Murekatete ameona. Misumari mifupi. Alichonga kipande cha boriti upande wa chini, akakifunga katika karatasi na kuandika tarehe. Barua ya kamati ilipelekwa Goma na dereva wa pikipiki, na baada ya wiki tatu jibu likaja kwa simu: maoni yamepokelewa, yatashughulikiwa siku ya makabidhiano.

Basi kila kitu kikahamia siku hiyo moja. Kanyamibwa alielewa vizuri maana yake. Mhandisi wa mradi akikataa kazi, Esdras atalazimika kubadilisha boriti kwa mkono wake mwenyewe, maana sehemu ya malipo yake ilikuwa bado imeshikwa. Mhandisi akitia saini, daraja linakuwa la Nyagatobe, kama lilivyo. Mkaratusi mbichi juu ya maji, chini ya magari, aliupa miaka miwili, pengine mmoja.

Wafanyakazi waliondoka. Haukupita mwezi, boriti zikaanza kupasuka, nyufa ndefu za kuingiza kidole, na ng'ombe wa mtu mmoja akatumbukiza mguu katikati ya daraja. Mbao nne zilivunjika. Ng'ombe aliokolewa kwa kamba. Watu walisikitika, na Kanyamibwa naye alisikitika, lakini alipobaki peke yake aliliangalia lile shimo kama mtu anayeangalia shahidi aliyekubali kufika mahakamani. Alikata matawi, akalizungushia ili mtu asiingie, na kila aliyekuja na fito za kuliziba alimrudisha.

"Muache ibakie," alisema. "Hii shimo njo itatusemea."

Walipita pembeni, juu ya boriti ya ukingo, mikono wameinyoosha kama ndege. Walilalamika, lakini wiki sita shimo lilibaki.

Kisha chifu Jean-Bosco akapokea simu. Wageni wa makabidhiano watafika Jumanne. Siku ya Alhamisi aliita watu na kutangaza salongo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, Jumamosi asubuhi, kila nyumba ilete jembe na mtu mmoja mwenye nguvu. Barabara ifyekwe, kingo za mto zipangwe mawe, lango la migomba lisimamishwe, na shimo lizibwe.

Kanyamibwa alisimama. "Chef, barabara tufyeke. Shimo hapana. Njo malalamiko yetu ile."

"Papa, mugeni anakuja kwako, unamuonyesha shimo?"

"Anakuja kuangalia shimo! Hakuja kunywa."

"Utafagia lupango ao hautafagia?" mzee mmoja akauliza, na watu wakaguna kumuunga mkono. Huko Nyagatobe hata anayekuja kudai hukuta ua umefagiwa. Ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria mara mbili.

Murekatete aliinuka, mguu wake mbovu mbele. Kanyamibwa alidhani atamsaidia, maana yeye ndiye aliyeshika mkanda wa kupimia siku ile. "Papa Aurélie, mimi mwenyewe niliona hizi mbao. Lakini jeep itapita wapi? Kama inaanguka na batu ya serikali ndani, hapa Masisi yetu, watauliza iko karatusi ao iko muvula? Watauliza nani alitega mutego. Na watakuja kuuliza na bunduki."

Kanyamibwa alikaa. Tangu siku ile amelitafuta jibu mara nyingi bila kulipata.

Jumamosi walitoka watu karibu mia mbili. Murekatete aliongoza wimbo. Mawe yalipita mkono kwa mkono kutoka kilimani, kingo za mto zikavikwa ukuta mzuri uliosimama wima kutoka majini hadi juu, na njia ya kushukia chini ya daraja ikapotea nyuma yake. Wanawake walimwaga udongo mwekundu juu ya sakafu na kuukanyaga kwa miguu kwa mwendo wa wimbo mpaka ukawa laini. Kilikuwa kitu cha kupendeza kutazama. Hakuna aliyekuwa akimsaidia Esdras, walikuwa wakijisitiri.

Karibu na saa tano vijana walileta fito za mkaratusi za kuziba shimo, mbichi, zenye magome. Kanyamibwa alizitazama. Akapiga hesabu ya jeep, watu watano, na fito zile. Aliikagua tena, ikatoka vile vile. Mtu anayejua uzito wa mti hawezi kusimama pembeni na kusema hayamhusu. Aliacha jembe, akapanda nyumbani.

Nyiransengimana alimkuta juu ya ngazi akitoa mbao darini.

"Unapeleka watoto wangapi?" alimuuliza.

"Wote wanne."

Hakumzuia. Alishika ncha ya ubao wa kwanza, ukamlemea, akasema tu: "Na mulango?"

"Mulango itangoja."

"Inangoja miaka kumi. Imejua."

Wakazishusha pamoja. Kanyamibwa alizipigilia mwenyewe, misumari mirefu aliyoitoa kwenye zizi lake la mbuzi, nyundo ikitoa ile sauti nzito ambayo mikono yake ilikuwa haijaisikia tangu Mubi. Wanawake wakamwaga udongo juu. Jioni alifungua kaye, na kwa kuwa alikuwa ameandika kila kitu hakuona sababu ya kuacha hili: Jumamosi, salongo. Mbao nne za katikati zilizovunjika zimetolewa. Kanyamibwa ametoa nne zake za mvule. Boriti za chini bado mkaratusi.

Mhandisi Magloire alifika Jumanne saa tano, na hakuwa mtu mbaya. Hilo Kanyamibwa hulisema kila mara, na kulisema kunamchosha. Alikuwa amevaa miwani, fomu zake zimo katika plastiki, ana nyundo ndogo na kisu. Aliwasalimia watu wote, wazee kwa mikono miwili. Kisha akatangaza kwamba saa saba lazima wawe njiani, maana baada ya hapo barabara si ya kuaminiwa.

Jeep ilipita chini ya lango la migomba, watu wakiimba, ikapanda darajani na kusimama katikati ili ipigwe picha. Daraja halikutikisika. Esdras alishuka upande mmoja, mhandisi upande wa pili. Kanyamibwa alisogea haraka, kaye kwapani.

"Enjenyeri, niko wa kamati. Hii daraja haiko ya muvula. Iko karatusi. Kwanguna tu, utaona."

"Ndiyo, Papa. Barua yenu niliisoma. Njo maana nilileta kisu."

Akachuchumaa pale pale aliposhukia. Akasukuma udongo kwa kiganja, akagonga kwa nyundo, akakwangua. Chini ya vumbi ukatoka ule ubao wa rangi ya asali iliyokaa, mkavu, mgumu, na kisu kilipoingia kiasi cha kucha kikagonga kitu na kulia kama kimegusa chupa. Mawe ya mvule. Mhandisi aliinua uso, akamtazama Kanyamibwa kwa mshangao wa kweli.

"Papa, hii iko muvula."

"Hapo tu! Hizo mbao ine iko zangu."

"Zako namna gani?"

"Nilitoa nyumbani. Shimo ilikuwa hapa, tulikuwa na salongo..."

"Papa huyu njo fournisseur wetu, njo anatuletea mbao!" Esdras alisema kwa furaha, akampiga Kanyamibwa begani, na umati uliokuwa mbali, ambao haukusikia ila ulioona bega likipigwa, ukashangilia.

Mhandisi hakucheka. Alitembea hatua tatu, akasukuma udongo tena, akakwangua. Ubao wa pale ulikuwa mweusi wa mafuta na laini. Alikunja uso. "Hii ni tofauti," mhandisi alisema polepole, akaandika. Kisha akaenda ukingoni kutafuta pa kushukia aone boriti. Alikwenda kulia, akakuta ukuta wa mawe. Akaenda kushoto, akakuta ukuta wa mawe. Chini mto ulikuwa umejaa, rangi ya kahawa ya maziwa, ukigonga mawe mapya.

"Benyewe munashuka wapi?"

"Tulikuwa tunashuka hapo," chifu Jean-Bosco alisema kwa fahari, akionyesha ukuta. "Lakini tulitengeneza."

Mhandisi alilala kifudifudi juu ya udongo mwekundu na shati lake jeupe, akainamisha kichwa, akachungulia. Aliona kitu cheusi. Kanyamibwa alimpa kile kipande alichokichonga, katika karatasi yake yenye tarehe. Mhandisi alikigeuza, akakinusa, akamwamini; hilo lilionekana usoni. "Hii ni karatusi, Papa. Lakini karatasi haisemi imetoka kwa boriti gani. Mimi nisipoiona mahali pake, siwezi kuiandika."

Akaomba kaye. Aliisoma yote akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, huku dereva akiangalia saa. Alipofika mwisho alisoma mstari wa Jumamosi mara mbili.

"Kwa hiyo wananchi wametengeneza katikati."

"Ndiyo."

"Na kingo, na barabara." Alitafuta katika fomu. Kulikuwa na mstari wake: ushiriki wa jamii katika kazi. Kalamu yake ilisita kidogo, kisha ikaandika *bora sana*. Penye unene wa sakafu aliandika kasoro ndogo, mkandarasi kurekebisha. Penye boriti aliandika hazikufikika, hakuna dalili ya hatari. Akageuka kwa watu na kuuliza kwa sauti, kama masharti yanavyomtaka aulize: "Wakaaji wa Nyagatobe, muko na malalamiko?"

Kanyamibwa alimtazama Murekatete. Murekatete alitazama mguu wake. Chifu akajibu kwa niaba ya wote kwamba Nyagatobe inashukuru, na kuna mbuzi.

Mbuzi hakuliwa, kwa sababu ya saa. Zilibaki saini tu. Mhandisi alimvuta Kanyamibwa pembeni, nyuma ya jeep. "Papa, nisikilize vizuri. Hii ni réception ya kwanza. Baada ya mwaka moja iko ya mwisho, na mpaka ile siku garantie, ile pesa yake yenye tumeshika, inabakia. Tutakuja wakati wa kiangazi, maji kidogo, tutashuka chini, nitakwangua zote tano. Usipoweka signature leo, chef ataweka mahali pako, na mwaka kesho jina lako haiko. Unanielewa?"

Alimwelewa. Lilikuwa shauri jema, limetolewa kwa nia njema, na ndiyo maana hakuweza kulikataa. Alitia saini kwa herufi zile kubwa, juu ya boneti ya jeep, boneti ikimchoma mkono.

Mwaka huo umepita. Kabla haujaisha, vita vilifunga barabara, kisha vikaifungua upande mwingine, kwa watu wengine. Ofisi ya mradi iliyokuwa Goma ina kufuli, na mlinzi aliyebaki hajui waliokuwa ndani wamekwenda wapi. Namba ya mhandisi inaita hadi inakatika. Namba ya Esdras imepewa mwanamke mmoja wa Bukavu anayeuza vitambaa, ambaye sasa anamfahamu Kanyamibwa kwa sauti na humwuliza habari za watoto. Kaye iko katika sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni, imejaa hadi ukurasa wa tisini na mbili. Kanyamibwa bado anaandika. Nyufa za boriti ya pili zimekutana. Boriti ya nne imeota uyoga. Ubao wa ishirini umekufa. Hajui anamwandikia nani.

Asubuhi moja ya juma lililopita Nyiransengimana alisema lile alilokuwa amelinyamazia. "Enda utoe mbao zako. Daraja itakufa, na ikikufa itashuka nazo kwa mayi. Tupate hata mulango."

Mkewe alisema kweli. Kanyamibwa alichukua mtaimbo, akashuka mtoni. Udongo mwekundu ulikwisha kuoshwa na mvua, na kutoka mbali alizitambua: mbao nne katikati, zimekuwa rangi ya kahawia, zimekaa sawa, misumari haijatoka hata mmoja, na pande zote mbili zile nyingine zimepinda na kuinuka ncha. Chini yake zote boriti zilikuwa zimelegea kama mgongo wa ng'ombe mzee. Alitembea hadi katikati, akapachika ncha ya mtaimbo chini ya ubao wa kwanza wa zile nne. Haukutingishika. Aliona fahari kidogo, akajionea aibu kwa kuiona. Hakusukuma tena, alikaa akiwaza shimo litakalobaki, la upana wa mbao nne, na ni nani angekuja na fito kuliziba.

"Papa Aurélie, unabomoa daraja?"

Ilikuwa sauti ya Murekatete. Alikuwa amefika ukingoni, upande wa kijiji, na gunia lake la maharagwe, kamba kwenye paji la uso, kikapu kitupu mkononi, mguu wa kushoto umetangulia. Alikuwa akienda sokoni, na hakukuwa na njia nyingine.

Kanyamibwa aliuchomoa mtaimbo. "Hapana. Niko nasikiliza."

"Na inasema nini?"

Murekatete alijaribu ubao wa mwanzo kwa kidole cha mguu, kama mtu anayepima maji ya kuoga, akaurudisha mguu.

"Iko nguvu?"

"Hizi ine ziko nguvu."

"Na zingine?"

Kanyamibwa aliulaza mtaimbo chini. Akarudi taratibu hadi alipo Murekatete, akikanyaga juu ya misumari, palipo na boriti chini, akamtua gunia, akalifungua, akahamishia nusu ya maharagwe kwenye kile kikapu. "Nitatangulia," alisema. "Ukisikia inalia, rudi nyuma. Usinifuate."

Akajitwika kikapu, akaanza kuvuka, na kabla ya kila hatua aliinama na kugonga kwa kifundo cha kidole.